Barza ya Vijana na Pampu Yangu ya Chula

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa nikitaka kujisifu sababu ninazo. Vita vilipoingia nilikuwa mtoto wa chuo, sijamaliza hata juzuu ya Amma, nikatolewa kwetu kisiwani Chula kwenye mashua iliyojaa watu hadi mtu akikohoa maji yanaingia. Nimelala kambini nje ya Mombasa. Nimebeba samaki wa matajiri kichwani mpaka kipara kikaota mahali pa kapu. Nimerudi Kismayo wakati watu wenye akili zao walikuwa wakiikimbia, nikanunua mashine ya barafu iliyokufa. Mafundi walinicheka. Niliifungua mwenyewe, nikapanga vipande vyake juu ya turubai kama mtu anayepanga samaki wa kuuza, nikavirudisha kimoja kimoja, ikanguruma. Leo ukishuka bandarini Kismayo ukauliza barafu ya nani hufika Ngumi na Burgao ikiwa bado ina kingo zake, utaonyeshwa mlango wangu hata na mtu asiyenipenda.

Shule sina. Hesabu ninayo kichwani, Kibajuni nimezaliwa nacho, Kisomali ninacho, Kiswahili nilikiokota Mombasa, na Kiarabu cha kuagizia vipuri nimejifunza kwenye simu. Kwa hiyo mwalimu wa chuo cha Chula alipokuja ghalani kwangu, nilidhani amekuja kuomba mchango wa mikeka. Ni kijana mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Vijana wetu wana simu na wana maswali," alisema. "Simu inawajibu kila kitu, na nusu ya majibu ni uongo."

"Wanataka nini?"

"Watu wanaojua. Waje, wakae chini, waulizwe."

"Watu wanaojua wamejaa hapa Kismayo, wamejifungia kwenye viyoyozi."

"Ndiyo, ami. Lakini hawana chombo cha kuwaleta."

"Chombo ninacho mimi."

Ndivyo ilivyoanza barza ya vijana ya Chula. Boti yangu ya faiba huteremka na barafu kwenda kuchukua samaki wa visiwani, na kila mwezi, bahari ikikubali na njia ikiwa na amani, tunamweka mtaalamu mmoja katikati ya masanduku ya barafu. Amekuja muuguzi wa hospitali, akazungumza habari za presha na chumvi mpaka wazee waliokuwa wakisikiliza nyuma ya ukuta wakaanza kujishika vifua. Amekuja mwanasheria, akaulizwa viwanja vya watu waliokimbia ni vya nani sasa. Amekuja sheikh anayejua mirathi, wasichana wakamkalisha mpaka adhana ya Magharibi ikamwokoa. Wote niliwapeleka bure na kuwarudisha bure, na samaki mkononi.

Barza ina kanuni yake, vijana waliitunga wenyewe. Mtaalamu hupewa kikombe kimoja cha kahawa. Anasema lake kwa muda wa kukinywa, akimaliza kikombe kinafudikizwa juu ya sinia. Kikishafudikizwa, hotuba imekwisha. Kuanzia hapo vijana ndio wanaoulizana na kubishana, na mkubwa yeyote aliyekuwepo, awe mtaalamu, mwalimu au mzazi, hafungui mdomo mpaka aulizwe kwa kuelekezewa kidole. Nilipoisikia kanuni hiyo mara ya kwanza nilisema, "Kahawa ni yangu, sukari yangu, turubai la kivuli langu, halafu nifungwe mdomo?" Msichana mmoja, binti wa fundi wa nyavu, mwembamba, ana tabia ya kuchomeka kalamu kwenye ushungi wake, akanijibu, "Ndiyo, ami. Tunakushukuru kwa yote hayo." Nikacheka. Nikakaa. Kiti cha mbele, lakini.

Sasa nieleze habari za pampu, maana bila pampu hakuna hadithi.

Mama yangu alirudi Chula kabla ya watu wengi kurudi. Miaka yake ya ukimbizi aliipitisha kambini, kisha kwenye chumba cha kupanga Mombasa, na kila nilipomtumia pesa alizificha kwa ajili ya nauli ya kurudi. Nilipomwambia akae nami Kismayo, nyumba ina feni na choo cha ndani, alinitazama kama nimemtukana. "Mie si mchu wa kubebwa mara mbili," alisema kwa Kibajuni chetu, maana yake si mtu wa kubebwa tena. "Kutoka hapa tena, nitatolewa na wanaokwenda makaburini." Akafagia nyumba ya babu, akaezeka upande uliobakia, akakaa.

Chula ina kisima kimoja kikubwa cha maji ya kunywa, na kingine kidogo cha msikitini cha kutawadhia. Nilipokuwa mtoto wanawake waliteka kisima kikubwa kwa kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mkoko, polepole, kuanzia alfajiri. Ikifika Adhuhuri walikifunika kwa jamvi na kusema kisima kimelala. Hakuna aliyeteka tena mpaka alfajiri ya pili. Sisi watoto tuliambiwa atakayekiamsha atapigwa kofi na mwenyewe kisima, na mwenyewe huyo hakuelezwa ni nani.

Mimi nilimwona mama yangu, mtu mzima, ameinama juu ya kisima na kata mkononi, nikasema haiwezekani. Mtu ana mtoto mwenye ghala la barafu Kismayo, halafu anachota maji kwa kifuu? Nikapeleka pampu ya petroli, si zile ndogo za bustani. Nikapeleka tangi jeusi, mabomba, na mifereji ya koki kwenye pembe za mji, mmoja mlangoni kwa mama. Tulichinja. Watu walikula biriani mpaka wengine wakalala pale pale. Petroli nililipa mimi, na pampu ikawa inanguruma kutoka asubuhi hadi jioni. Nikiwa baharini, boti bado haijafika, nilikuwa naisikia, na nilikuwa nafurahi. Sifichi.

Kiangazi cha pili kilipoingia nilikwenda kwa mama, akanipa chai. Ilikuwa tamu kupita kiasi.

"Mama, umezidisha sukari."

"Sukari si umeleta wewe? Nitie nitakavyo."

Nilisema moyoni, utu uzima huo. Sikufikiri zaidi, kwa sababu maji ya kunywa ya safari huwa nabeba yangu ya chupa kutoka mjini, na kwa mama nilikunywa chai tu.

Mwezi huo vijana walipiga kura ya mada, wakachagua maji. Sikuulizwa, na sikuona ubaya. Nilijua mada hiyo itaishia kwenye pampu yangu na sifa zake. Mtaalamu aliyepatikana alikuwa msichana, Msomali, amezaliwa kambini Kenya na kusomea huko huko mambo ya maji yaliyo chini ya ardhi. Alikuja bandarini amevaa buibui na viatu vya mpira, mkoba mgongoni, amelikumbatia jagi la plastiki kama mtoto.

"Unajua kuogelea, mwanangu?" nilimuuliza tulipopita mkondo.

"Najua kuomba, adeer," alijibu, akiniita ami kwa Kisomali.

Nilimpenda hapo hapo. Nikamweleza habari zote za mashine ya barafu, na za kipara, kisha nikafika kwenye pampu. Nikamwambia leo ataona kazi ambayo serikali haijafanya tangu serikali ianze.

"Inavuta maji kiasi gani kwa saa?" aliuliza.

"Inavuta mpaka watu waseme basi."

"Na kisima kinakwenda chini kiasi gani?"

"Kimo cha mtu na mkono juu."

Akageuka kuangalia maji kando ya boti mpaka tulipofika. Nilidhani ni kichefuchefu.

Barza hukaa kwenye baraza ya chuo, ukuta mmoja ulibomoka zamani na turubai langu ndilo paa. Siku hiyo walijaa. Yule msichana wa maji alipewa kahawa yake, akaomba pia glasi ya maji ya bahari na kijiko. Akamwaga maji ya bahari ndani ya jagi, akayatia rangi nyekundu ya haluwa. Kisha akamimina maji matamu ya chupa juu ya mgongo wa kijiko, taratibu mno, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Maji matamu yakakaa juu, meupe, na mekundu chini, hayachanganyiki.

"Kisiwa chenu ndicho hiki," alisema. "Mvua ikinyesha inazama mchangani, inaelea juu ya maji ya bahari. Nyinyi mnakunywa hii nyeupe. Haina sakafu. Chini yake ni bahari."

Akampa mrija kijana mmoja, yule aliyekulia Mombasa, anayejua kila kitu na ana saa ya mkononi isiyotembea. "Nyonya polepole, juu juu."

Akanyonya. "Matamu."

"Sasa nyonya kwa nguvu zako zote."

Akakunja mashavu. Pale chini ya mrija maji mekundu yakainuka kama kidole, yakapanda, yakaingia. Kijana akatema mpaka kwenye kanzu ya mwenzake.

"Astaghfirullah! Bahari!"

Walicheka wote, na mimi nilicheka. Mtaalamu akamalizia kahawa yake, akakifudikiza kikombe. Na hapo, nakwambia kweli, bado nilikuwa nafikiri ni mchezo mzuri wa watoto.

Yule wa Mombasa alianza, ili afute aibu. "Haina neno. Mvua itakuja itajaza."

"Itakuja lini?" alisema binti wa fundi wa nyavu. "Kiangazi bado kirefu. Bibi zetu walikuwa wakikilaza kisima ili kijazike."

"Ushirikina ule. Kisima kilale kina macho?"

"Ushirikina uliokunyweshea babako maji matamu mpaka akaota ndevu."

"Na huyu zake ziko wapi?" mwingine akadakia.

"Ziko Mombasa, zinakuja na meli."

Kelele. Mwalimu akapiga sinia kwa kijiko. Kisha yule binti akachomoa kalamu kwenye ushungi, akanielekezea mimi.

"Ami, pampu yako hulala saa ngapi?"

Nilikuwa nimengoja kuulizwa tangu nitoke Kismayo. Nikainuka, nikaweka sauti. "Hailali, mwanangu. Nimewanunulia isiyolala."

Hakuna aliyecheka. Niliyasikia maneno yangu yakikaa pale barazani, na niliona macho yao yakitoka kwangu yakienda kwenye jagi, ambamo rangi ilikuwa imeshachanganyika yote, imekuwa kama sharubati. Nikakaa. Nilikuwa na mengi ya kusema lakini hakuna kidole kilichonielekea.

Kidole kilikwenda kwa mtaalamu. "Inawezekana?" aliuliza yule wa Mombasa, safari hii bila utani.

"Sijui bado," alijibu. "Nina kipimo mkobani. Twendeni tukapime, tusibishane na kitu kinachopimika."

Tukaondoka barza nzima. Walikwenda kwanza kwenye kisima kidogo cha msikitini, ambacho bado kinatekwa kwa kata, wakapima na kuonja: matamu. Kisha wakaja kwenye mfereji wa karibu, na mfereji wa karibu ulikuwa wa mama yangu. Kipimo kilipanda, kikapanda tena. Wakaonja mmoja mmoja, kila mmoja akatazama chini. Nami nikakinga kiganja. Sikutema, lakini nilielewa ile sukari.

Mama akatoka na ufagio.

"Mnaonja nini mlangoni kwangu? Pana ubwabwa?"

"Maji, bibi," alisema binti wa fundi. "Yana chumvi."

"Chumvi ya mkono wako. Miaka nimechota kwa kifuu mpaka mgongo ukapinda, mwanangu kaniletea maji mlangoni, leo nyinyi mnakuja na betri kuyatia kasoro?"

"Bibi, chai yako siku hizi unatia vijiko vingapi?"

"Wee! Umekuwa mke wa mwanangu unihesabie sukari?"

Vijana waliinama wakiziba vinywa. Yule wa Mombasa akajipa moyo. "Muuguzi alisema chumvi si nzuri kwa mwenye presha, bibi."

"Presha ninayo tangu siku nilipoolewa na baba yake huyu. Haikuletwa na bomba."

Nikamvuta mtaalamu kando, nyuma ya tangi, nikamwambia aniambie kama anavyomwambia mtu mzima. Akaniambia. Pampu ikiendelea hivi kiangazi chote, bahari itapanda hadi chini ya kisima ikae hapo, na mvua ya mwaka mmoja haitaishusha. Kwingine ameshaviona visima vilivyokaa miaka bila kunyweka.

"Na watu wake?"

"Walihama, adeer."

Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa tangi. Masikio yake hayajazeeka. "Nitakunywa ya chumvi," alisema. "Sihami." Akaingia ndani, akafunga mlango, na mfereji ukabaki ukidondoka.

Nilikwenda zangu ufukweni nikakaa juu ya boti. Ningeweza kusema mengi kujitetea, na yote yangekuwa kweli: sikuiba, sikudhulumu, nilitoa changu. Fundi wa Kismayo aliyeniuzia pampu hakunieleza kitu. Alinipa kubwa kwa kuwa nilitaka kubwa. Lakini nimefanya biashara ya barafu muda mrefu, na najua kitu kimoja: mzigo ukiyeyuka hausikilizi ulinunua kwa nia gani. Mama alishasema hahami. Maana yake angekunywa yale maji mpaka yamuue, au mpaka tumtoe kwa nguvu, na kwa vyovyote vile mkono uliofanya hivyo ungekuwa wangu.

Niliporudi, barza ilikuwa imerudi chini ya turubai. Walikuwa wakibishana kwa zamu, na mtaalamu anasikiliza tu. Wengine walitaka pampu ivunjwe leo leo. Wengine walisema ivute nusu siku. Binti wa fundi alisema hapana, nusu siku ni kukisia. Izimwe kabisa mpaka barza ya mwezi ujao, kipimo kibaki Chula, yeye apime kila asubuhi, ndipo wajue.

"Na maji ya watu?" aliuliza wa Mombasa.

"Kata."

"Na bibi huyu mwenye ufagio, nani atamchotea?"

"Wasichana," walisema wavulana.

"Kwa nini wasichana? Nyinyi ndio mnaooga mara tatu mkijitazama kwenye simu."

Waligombana hapo kwa muda mrefu kuliko walivyogombana juu ya kisima chenyewe. Mwishowe wakakubaliana zamu, mvulana na msichana kwa kupokezana. Kisha wote wakageuka kunitazama. Hakuna aliyenielekezea kidole, hivyo sikusema neno. Nilikwenda kwenye pampu, nikaizima, nikafungua plagi asije mtu akaiwasha, ikiwa bado ya moto nikaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. Naomba ieleweke: sikushindwa na mtoto wa watu mwenye kalamu kichwani. Niliizima kwa sababu mimi ni mtu wa kuona haraka, na hiyo ndiyo tofauti yangu na waliofilisika.

Mama hakuniaga. Nikiwa Kismayo alinitumia sauti kwenye simu, fupi: "Umenikausha." Kesho yake nyingine: "Kijana wako wa Mombasa kaniletea dumu lina mchanga. Nimemrudisha." Kesho yake: "Leo kaleta safi. Hajui kutua dumu, ana mikono ya karani." Niliona kwamba amekasirika lakini anaongea, na kwa mama yangu hayo ni mapatano. Baadaye sauti zikawa za kumsimulia huyo kijana tu, anakula nini, kwao wako wangapi, kwa nini anavaa saa mbovu. Saa ilikuwa ya marehemu baba yake. Sisi sote tulikuwa tunamcheka miezi yote hiyo, na aliyeuliza ni mama.

Barza iliyofuata yule msichana wa maji alikuja tena. Safari hii alikaa mbele ya boti bila kushika kitu. Binti wa fundi alisimama akasoma vipimo vyake. Vilikuwa vinashuka, si haraka, lakini vinashuka. Watu walipiga makofi. Mtaalamu alipoulizwa, alisema kisima kinapumua, lakini watu wa Chula wanaongezeka, wengine wanarudi kutoka Kenya, na kata peke yake haitawatosha. Akawachorea mchangani. Badala ya shimo moja la kunyonya kwa nguvu, mtaro mrefu wa kina kifupi, ndani yake mabomba yenye matundu, maji yajikusanye pole pole kwenye kisima kimoja, na juu yake pampu ndogo ya sola inayovuta kidogo na kujizima yenyewe.

"Ijizime saa ngapi?" aliuliza wa Mombasa.

"Mnataka saa ngapi?"

Wakatazamana. "Adhuhuri," akasema yeye mwenyewe, yule wa ushirikina, na wenzake wakampigia vigelegele vya kumkejeli mpaka akaficha uso.

Shirika moja lilisikia, likaniita ofisini Kismayo. Walikuwa tayari kugharimia kila kitu na kusimamisha kibao chenye nembo. Niliwaambia kisima kile amekunywa babu yangu, leo anakunywa mama yangu, na kibao kitakachosimama pale kitakuwa na jina la mama yangu au hakitakuwepo. Wakasema kanuni zao haziruhusu. Nikawashukuru kwa soda, nikagharimia mwenyewe. Watu wengine waliniona mjinga. Nami niliwaona wao ni watu wasiojua kusimamia kazi yao wenyewe.

Tulichimba. Ardhi ya Chula ni mchanga kwa juu, ukishuka kidogo unakuta jiwe la matumbawe linalorudisha sururu usoni. Wavulana wa barza walichimba, wasichana nao walichimba, na mama mmoja alipolalamika kwamba binti zake wanachimba kama vibarua, binti wa fundi alimwambia maji ya kuogea ya huyo mama yatakuja na kibarua pia. Nilisafirisha mabomba, nilisafirisha saruji, nilisafirisha fundi wa sola aliyetapika njia nzima. Mtaalamu alikuja kupima usawa wa mtaro kwa bomba la plastiki lenye maji ndani. Nilikuwa sijawahi kuona kazi hiyo ikifanywa hivyo. Nikajifunza, na sasa naifanya vizuri kuliko fundi wangu.

Maji ya mtaro yalipofunguliwa, mama hakuja kwenye sherehe. Hakukuwa na biriani safari hii, alikataza. Nilimpelekea dumu la kwanza mimi mwenyewe, begani, si kwa kijana. Akachemsha chai, akatia sukari yake ya siku zote, akaonja, akakunja uso, akaimwaga na kupika nyingine.

"Sukari ya siku hizi imekuwa kali," alisema.

Basi. Nilipoondoka alikuwa amekaa kizingitini anamwelekeza yule kijana wa Mombasa namna ya kutua dumu bila kuchimba shimo mlangoni pa mtu.

Miezi kadhaa baadaye vijana walipiga kura ya mada, wakachagua biashara, na mtaalamu wakanichagua mimi. Safari hiyo boti haikubeba mtaalamu mwingine. Nilikaa mahali pa mtaalamu, nikasema yangu yote, ya mashine iliyokufa, ya kambi, ya barafu yenye kingo, na niliyasema vizuri, maana hakuna anayeyajua kunipita. Kisha maswali yakaanza. Nani alinikopesha kwanza. Kwa nini sina mshirika. Kama nimewahi kupata hasara.

"Hasara?" nilisema. "Mimi?"

"Pampu, ami," alisema binti wa fundi. "Ile ya kwanza uliyoiuza bei ya kutupa, petroli yake yote, kisha mtaro, sola na safari za boti. Ukijumlisha vyote ni kiasi gani?"

Mama alikuwa amekaa nje ya ukuta pamoja na wazee, nilikuwa nimeuona ushungi wake. Hesabu ninayo kichwani, nilishasema. Nikawajibu: hasara yangu ni dola elfu sita, mia nne na themanini na tano.